Anayeitika kwa Jina la Fernando

Usoke, Jumanne

Yule mgeni sikumwamini tangu aliposhuka kwenye bodaboda. Viatu vinang'aa hivyo, halafu anasema anapita tu!

Akaniamkia, akasema ametoka Msumbiji, anamtafuta askari wa Kitanzania aliyeitwa Fernando. Nikamjibu hapa hakuna Fernando, nikaendelea kufunga tumbaku yangu. Jina hilo nilipewa zamani, jeshi letu liliponiazima kwa jeshi la wenzetu kule, ili nikikamatwa nisijulikane nimetoka wapi. Niliapa kutosema, na hakuna aliyenifungua kiapo.

Akaaga. Alipofika barabarani akaita kwa sauti ya kiofisa, "Fernando!"

"Presente!" Nimeshaitika kwa Kireno, nimesimama wima, mikono ubavuni, tumbaku yote chini.

Akatabasamu, akapanda bodaboda yake. Habari hiyo anampelekea nani?

Nikamwambia mke wangu yule mtu ni mzushi tu. Aliendelea kuchambua mchicha.

"Mzushi vipi, baba Agnesi? Mbona ukilala unaitika hivyohivyo?"

Miaka yote hii! Sikuthubutu kumuuliza ni mangapi mengine nimeyasema.

Yeye kashalala. Mimi naogopa kulala.