Jina la Kondoo Tuliyekatazwa Kumpa Jina

KITUO CHA POLISI, HÚSAVÍK
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hallbera Ketilsdóttir
Umri: Miaka 63
Kazi: Mfumaji na muuzaji wa sweta za sufu
Makazi: Húsavík

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu.

Mnamo tarehe 24 Februari karakana yangu iliungua, na kompyuta ikateketea humo. Majirani walikuja kunipa pole kama waliokuja msibani, maana michoro yote ya sweta ilikuwa ndani yake, pamoja na ule wa marehemu mama. Kumbe binti yangu Álfrún alikuwa ameshaihifadhi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni moja huko mbali, zinazotunza kazi za watu. Nilikuwa nimembishia sana. "Mama, moto hauwezi kuifuata huko," aliniambia. Kesho yake tuliifungua kwenye simu yake, mezani jikoni, tukaendelea na oda za wateja. Nililia, sikatai.

Mnamo tarehe 3 Machi asubuhi, neno langu la siri lilikataliwa. Mtu alikuwa amelibadilisha. Kazi ya maisha yangu yote ikawa ndani, mimi niko nje. Nilikuja hapa kituoni moja kwa moja.

Afisa Vébjörn aliwasiliana na kampuni. Akaniambia aliyeingia hakuvunja chochote. Alijibu tu maswali ya usalama niliyoyachagua mwenyewe: jina la mama yangu, shamba nilikozaliwa, na jina la mnyama wangu wa kwanza.

"Mama Hallbera, jina la mama yako nani asiyelijua?" aliniuliza. "Nasaba zetu ziko wazi kwa nchi nzima. Hata mimi nalijua, bibi yangu alikuwa binamu yake."

"Basi jikamate," nilimjibu.

Ila jibu la tatu lilinikata maini. Utotoni tulimlea jikoni, kwa chupa, mwanakondoo aliyefiwa na mama yake. Baba alikuwa amekataza kumpa jina mnyama wa kuchinjwa. Sisi tulimwita Skotta, kwa kunong'ona, chini ya blanketi. Walilijua jina hilo watu wawili tu: mimi na dada yangu Salvör, ambaye hatujasemezana naye tangu maziko ya mama.

Nilimpigia simu papo hapo, mbele ya afisa.

"Umeingia kwangu bila hodi," nilisema.

"Ningebisha, ungenifungulia, mdogo wangu?"

Alieleza kwamba tangu asikie habari za moto hakupata usingizi, alitaka tu kuona kama mchoro wa mama umepona. Alipojibu maswali, kompyuta ilimlazimisha kuweka neno jipya la siri. Akaogopa kuniambia.

"Umeuona?" nilimuuliza.

"Nimeuona. Nyota za mabegani umezikosea."

"Sijazikosea!"

"Umezikosea, Hallbera. Mama alizianzia chini zaidi."

Ni kweli, alizianzia chini zaidi. Sauti yake imezeeka, na mimi sikuwepo ikizeeka. Hilo limeniuma kuliko moto.

Sitaki ashtakiwe. Maswali yale tumeyafuta. Sasa anayeingia lazima aandike pia namba mpya inayotumwa kila mara kwenye simu. Álfrún alitaka itumwe kwenye simu yangu. Mimi nimeandikisha ya Salvör.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu, na ni ya kweli.

Sahihi: Hallbera Ketilsdóttir

Maelezo ya afisa: Shahidi aliomba kujaribu kuingia akiwa hapa ofisini. Namba ilikwenda kwa dada yake, ikabidi ampigie. Namba alitajiwa mwanzoni kabisa. Simu bado inaendelea, shahidi anayefuata nimemhamishia chumba kingine.
Vébjörn