Fundi, Zile Herufi ni Zako

Fundi Mshamu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo.

Jana Zuhura wako alinipigia simu kutoka Chole. Sementi ya kaburi imekauka, sasa wanataka kibao cha jina. Akasema, "Kaka Idi, baba tumwekee zile herufi zako nzuri, zile za mabango ya harusi." Nikamjibu sawa. Simu ilipokatika nikakaa chini hapohapo dukani.

Herufi zangu! Fundi, zile ni zako.

Ulipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, vibao vyako vya zamani ulivyoandika kwa brashi nilibaki navyo mimi. Nikavipiga picha, nikampelekea kijana mmoja anayejua kompyuta, akazitoa herufi zako akazifanya fonti. Sasa mtu anabonyeza tu, inatoka ile K yako yenye mkia unaopita chini ya jina zima. Nikaipa fonti jina langu. Watu wanasema nimerithi mkono wako, nami nanyamaza. X na Q hukuwahi kuandika, nani Kibaha hii alikuletea jina lenye Q? Hizo nilichora mwenyewe. Wateja wakilalamika, wanalalamikia hizo hizo.

Ungeona zilivyosambaa. Saluni, kadi, keki, mpaka kibanda cha chipsi kule Zegereni. Wanarushiana kwenye simu. Nikisema leo nibadilishe jina, nianzie kwa nani? Siwezi tena kuizuia, Fundi. Siwezi.

Halafu ile siku ya harusi ya Zuhura. Tulikubeba tukakuweka kwenye kiti mbele ya bango nililolitengeneza kwa fonti hiyo. Ukalitazama, ukalitazama. Mdomo ulikuwa mzito, ila nilikuelewa: "Huyu fundi nani? Ana mkono."

Nikasema, "Ni kompyuta tu, Fundi."

Ukacheka kwa upande mmoja. "Kompyuta haimuulizi mtu jina lake linatamkwaje." Maana wewe brashi ulikuwa hugusi mpaka mteja alitaje jina lake kwa sauti, wengine wakikutania, "Kwani Fundi umekuwa kiziwi, si nimekuandikia kwenye karatasi?"

Ulijua? Ulijua, ukaninyamazia? Najiuliza mpaka nachoka. Aliyekuwa na jibu ni wewe.

Jumamosi naenda Chole. Nitamwambia Zuhura, mama yake akiwepo, na wajomba wakiwepo. Wakinifukuza nitaondoka. Wakiniacha, kibao nitakiandika kwa brashi. Miaka yote hii ya kubonyeza, mkono umesahau, mistari itapinda, jina lako litatoka baya. Hilo nalo unisamehe. Ila kwa fonti sitakiandika, nakuahidi.

Pumzika, Fundi. Mimi ni Idi, mwanafunzi wako, niliyekuibia. Heri ningekwambia siku ile, ulikuwa umekaa hapo mbele yangu.