Fundi Vioo na Walioleta Kura

Jumatatu, 4 Agosti
Wamekuja! Nimesimama juu ya paa la karakana, mdomo wazi. Ndege tano za vita, chini kabisa, mpaka meno yakanigongana. Kufika saa kumi jioni, Mzee wa Ikulu hayupo. Miaka thelathini na moja – kwisha, siku moja! Redioni wageni wanasema wametuletea demokrasia, eti dunia nzima sasa itakuwa salama zaidi. Sijui. Ninachojua, mtaa wetu haukubaki na kioo hata kimoja. Mimi fundi vioo, na sikufurahi. Mke wangu na binti yetu walivuka mpaka juzi, wako kwa shemeji. Mke kapiga simu: turudi lini? Nikamwambia subirini kwanza.

Alhamisi, 13 Novemba
Miezi mitatu watu wananiagiza plastiki tu, ya kuzibia dirisha. Leo mwalimu mkuu kaagiza vioo vya madarasa sita. Vioo! Mtu hanunui kioo kama anangoja bomu. Ndicho kipimo changu, nikamwambia kinyozi jirani yangu. Alicheka mpaka wembe ukamponyoka. Eti mimi nihesabu vioo, yeye anahesabu bunduki. Wageni wakiondoka tu, kasema, vijana wa Mzee watatoka mafichoni. Huyu naye, mkosi mtupu! Mke wangu kauliza tena. Nimesema tungoje uchaguzi.

Jumapili, 8 Machi
Nimepiga kura. Mungu wangu! Foleni imeizunguka shule mara mbili. Mama mmoja mbele yangu alilibusu sanduku. Miaka hamsini na miwili ninayo, na leo ndiyo mara ya kwanza. Nimeikunja na kuikunjua karatasi hadi karani akauliza kama naumwa. Nje askari wa kigeni, jasho linamtiririka, anatulinda – sisi! Hata kinyozi alitoka na machozi, halafu akasingizia vumbi. Nikampigia mke wangu kwa kelele: rudini, ni salama! Akauliza: Una uhakika? Ninao, nikasema.

Jumatano, 11 Machi
Ofisini kwa wageni wananitaka kesho asubuhi. Kazi ya madirisha, ghorofa zote tatu. Nimekata vioo kumi na vinne bila hata kwenda kupima. Madirisha yale niliyatengeneza mwenyewe. Wanatia vioo vipya, basi wanakaa! Kinyozi leo kanisaidia kuvipanga sandukuni. Mke wangu na binti wanapanda basi alfajiri. Nimefagia nyumba mara mbili.

Alhamisi, 12 Machi
Naandikia hapa hapa ofisini kwao, juu ya sanduku la vioo. Mkalimani wao alipoviona alishika kichwa. Sikuitwa kuweka. Nimeitwa kutoa! Vyote, nafasi zijazwe matofali. Wageni wanaondoka Jumapili, na humu watakaa viongozi wetu tuliowachagua. Matofali wameomba wao wenyewe.

Nikauliza, kwani kuna nini? Mkalimani akautazama mlango kwanza. Kasema tangu jana vijana wa Mzee wamefunga barabara ya mpakani. Wanasimamisha mabasi.

Basi lao linapita huko. Nimewaita mimi, kwa mdomo wangu huu, kwa kuamini vioo vya shule! Simu ya mke wangu haipatikani. Mara tisa.

Ya kumi imepokewa. Mwanamume. Sauti ya upole, ya kistaarabu kabisa. Kasema mke wangu yuko hapo, mtoto yuko hapo, hawana neno. Anataka kujua kitu kimoja tu: mimi nilimpigia kura nani. Nimebana simu begani, naandika ovyo. Hana haraka, kasema. Atangoja.