Saumu Yangu ya Noonkopir

Noonkopir, Kitengela
9 Septemba 2004

Kwa rafiki yangu Kimani,

Pokea salamu nyingi, wewe na mkeo Mugure na watoto. Natumaini mko wazima huko Kiserian na ng'ombe wamepata nyasi. Sisi hapa watoto ni wazima, na mke wangu Samsam anakusalimia sana.

Barua yako Katoo alinipa leo kwenye soko la mbuzi. Unanitania ati umesikia nimekuwa sheikh. Cheka tu, ndugu yangu. Ni kweli mtaa mzima unajua Mowlid anafunga Jumatatu na Alhamisi, na tangu Juni karibu kila siku. Jioni nafuturu kwa maziwa na uji mwepesi, nyama nawaachia watoto, na watu wanasema huyu ameikataa dunia. Msikitini naachiwa nafasi ya mbele. Wiki jana mama mmoja aliniletea mtoto anayeumwa na tumbo nimsomee dua. Nikamsomea, Kimani! Ningefanya nini, na watu wamejaa mlangoni?

Sasa wacha kucheka unisikize. Jumatatu ya wiki jana nilimwambia Samsam naenda kuona mbuzi Kajiado, kumbe naenda Nairobi kupimwa kwa kamera. Muuguzi aliniuliza kama nimekaa bila chakula tangu usiku. Nilitaka kucheka nikashindwa. Alinipulizia dawa ya ganzi kooni, akanilaza ubavu wa kushoto, akaniwekea kiplastiki katikati ya meno, halafu daktari akapitisha mpira mweusi wenye taa, mnene kama kidole. Nilitaka kutapika, machozi yakanitoka mbele ya watu. Daktari akasema njia ya chakula imebaki kijitundu, imebanwa na uvimbe, na akakata kipande kidogo kwa mpira huo huo. Majibu yametoka jana. Ni saratani. Aliuliza chakula kilianza kukwama lini, nikasema Aprili. Akaweka kalamu chini, akasema ningekuja wakati ule tungekuwa tunaongea mengine. Sasa anaweza kuniwekea bomba ndani ili niweze kumeza, Jumatatu hii, lakini ameagiza nije na mke wangu, maana yeye ndiye atanipikia na kuniangalia.

Hapo ndipo nimenaswa. Kimani, mimi sijafunga hata siku moja. Mwezi wa Aprili nilitapika nyama mbele ya wageni, nikaona aibu mbaya. Siku iliyofuata nilipoitwa kula nikasema niko na saumu. Watu wakasema mashallah, na sikupata tena mahali pa kurudi nyuma. Haikuwa ibada, ilikuwa njaa.

Nilikuwa nimepanga kukuomba uje Nairobi kwa siri, ujifanye wewe ndiye ndugu wa kuniangalia, badala ya Samsam. Lakini jana jioni Samsam aliniambia kwa furaha kwamba tangu Juni naye anafunga pamoja nami, ati nisiende peponi nikamwacha. Na ananyonyesha! Maziwa ya mtoto yamepungua, na bado anatabasamu. Nilifungua mdomo nimwambie, nikajikuta nasema Mungu akubali. Wallahi najichukia.

Njoo Jumapili mchana. Mbele yako sitaweza kudanganya, unanijua tangu darasa la tatu. Ukifika usiniulize habari yangu kwanza. Mwambie Samsam ale.

Msalimie Mugure, na umpe Katoo asante kwa kubeba hii.

Ni mimi rafiki yako,
Mowlid Jeylani