Mtaro Uliopita Sebuleni Kwako

Mpendwa Mama,

Nyumba yako ya mtaa wa Oli haipo tena. Nimeona nikuambie mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama barazani nikaomba ivunjwe. Nisikilize kwanza.

Ulipotutoka, watu wa mtaa walinichagua nikalie kiti chako katika baraza la mtaa, kile cha katibu wa wanawake. Nilikipokea kwa kiburi kidogo. Miaka yote nilikuona kwenye benchi la mbele ukisuka vifuniko vya ukindu huku wanaume wakizungumza, hadi siku ile mwenyekiti wa zamani alipokuuliza kama umekuja kusikiliza au kufanya biashara. "Mikono iko na kazi yake," ulimjibu, "masikio iko na kazi yake. Endelea." Watu walicheka mpaka mkutano ukasimama. Nilidhani kazi ya baraza ni hiyo tu, kuwa na jibu zuri.

Kisha akaja mhandisi na mpango wa mtaro mkubwa wa kushusha maji ya mvua kutoka juu mjini hadi mtoni. Akatandaza ramani mezani. Mstari wa buluu ulikata vile vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti, anakokaa Mama Achol na watoto wake wanne, pamoja na familia nyingine zilizokimbia vita Sudan Kusini. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Walioitwa ni wenye viwanja, na mwenye vyumba vile alikuwa ameshakubali. Watu walitaka kupiga kura upesi wakaswali alasiri.

Nikautazama ule mstari, nikakumbuka mafuriko. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kaka Rajabu kumi na miwili. Maji yaliingia kwa mlango wa jikoni, yakapita sebuleni, yakatokea mlango wa mbele, na sufuria ya maharage ikaenda nayo. Ulitupandisha juu ya meza, ukasimama katikati ya maji umekunja kanga magotini. Ulipoona kifuniko cha sufuria kinazunguka uani peke yake, ukaanza kucheka, na sisi tukaacha kulia. Siku ile tulilala kwa watu, nyuma ya msikiti. Kule kulikuwa kukavu.

"Mhandisi," nikauliza, "hii ramani ilipimwa kiangazi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi twende tutembee."

Kura ikaahirishwa, tukatembea kutoka barabara ya juu, tukiufuata mteremko wenyewe. Ukutani kwako mhandisi alichuchumaa, akagusa ile alama ya tope la mafuriko ambayo hukutaka ipakwe rangi. Akageuka nyuma, akatazama tena kule tulikotoka.

"Maji inataka kupita hapa," akasema taratibu. "Hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

Rajabu alipopata habari kwamba nitaomba mtaro upite kwetu, aliacha shamba lake la Midia, karibu na Koboko, akapanda gari kuja. Hakunisalimia hata. "Hawa, unavunja nyumba ya Mama kwa sababu ya watu wa kupanga? Hao kesho wanarudi kwao. Sisi tunabaki na nini?" Nilihisi kama nakuzika mara ya pili.

Kabla ya mkutano wa pili nilipita mlango kwa mlango nyuma ya msikiti, nikawaambia wapangaji waje. Walikuja wote, wakakaa karibu na mlango kama watu wasio na hakika ya kukaribishwa. Mwenyekiti alisema kwa kuwa nyumba ni yetu, naruhusiwa kusema lakini si kupiga kura. Nikasema niliyoyaona, nikaomba mtaro upite kwetu, nikakaa.

Rajabu akainuka. Alisema vizuri kunishinda. Alimtaja babu aliyerudi kutoka jeshini akapewa kiwanja kile, akataja harusi zote zilizofanyika uani. Vichwa vilitikisika. Mwenyekiti alimwacha amalize, kisha akamuuliza jambo moja tu.

"Rajabu, ile mwaka ya mafuriko, maji ilipita wapi?"

Kaka alinitazama. Unamjua, hasira anazo, lakini uongo hauwezi.

"Ilipita sebuleni kwetu," akasema.

"Na nyinyi mlilala wapi?"

"Kule nyuma ya msikiti." Akakaa chini, akafuta uso kwa kofia yake.

Kura haikuchukua muda. Siku ya kuvunja, Rajabu aliwakataza mafundi wasiguse paa. Alipanda mwenyewe akafungua bati moja moja, akanipokeza hadi la mwisho. Tulifidiwa kwa kiwanja kingine, kule Pajulu. Ameshapanda mihogo huko. Mimi nimejenga chumba kwenye kipande cha uani kilichobaki. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja nilisimama mlangoni kuitazama. Maji yalipita kwa kishindo ndani ya saruji, yakashuka mtoni, na sakafu zote za mtaa zikabaki kavu.

Nilidhani nitajuta. Sijuti. Nakukumbuka sana, hasa nikisikia harufu ya ukindu uliolowekwa, lakini siku hizi naingia mkutanoni nikijua nimekuja kufanya nini. Natazama kwanza nani hayupo.

Mwezi uliopita Mama Achol alinyoosha mkono. "Mtaro iko sawa," alisema, "lakini watoto wanaruka wakienda shule. Tunataka daraja." Mtu mmoja akanong'ona kwamba huyo si mwenye kiwanja. Mwenyekiti hakugeuka hata. Akamwambia mwandishi wa mkutano: "Andika. Andika na jina yake."

Daraja limeshawekwa. Leo asubuhi nimevuka juu yake.

Mungu akulaze pema, Mama. Mkutano ni saa nane, na leo tunazungumzia soko. Naondoka sasa nisichelewe.

Binti yako mdogo,
Hawa