Shangazi, Dawa Si Sukari ya Wageni

Mpendwa Shangazi,

Usininunie kwamba nimechelewa kuandika. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu unesi, wagonjwa wa leo wameisha, nimekaa benchi la zahanati na leo utanisikiliza upende usipende.

Unakumbuka miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi? Ulikuwa unaificha sandukuni chini ya vitenge, sisi tunakunywa uji wa chumvi na sukari ipo! "Kitu kizuri hakitumiwagi hovyo," ulikuwa unatuambia. "Kinatunzwaga. Mgeni akija je?" Halafu biashara ikafunguliwa, Bunda mjini maduka yakafurika, mitumba kila kona, na wewe bado unaficha. Tulikucheka sana. Hatukujua tabia hiyo itakuja kututoa jasho.

Mwaka niliochumbiwa ndio mwaka hospitali iliposema saratani ya titi lako imeshaingia mifupani. Mumeo akapewa karatasi na neno moja: mrudisheni nyumbani. Nilikuwa nesi mpya Bunda, najiona najua kila kitu. Wewe hukuniuliza utapona lini. Uliuliza jambo moja tu: "Wakwe wakija kutoka Nyamuswa, nitaweza kukaa mlangoni?"

Maana kwetu shangazi ndiye anayeziba mlango siku ya kumtoa bibi harusi. Wakwe wambembeleze, wamwimbie, wamfunge kitenge, naye anakataa tu mpaka aridhike. Ulikuwa umeningojea tangu nizaliwe unifanyie hilo. Na wakati huo hata kukaa kitako dakika tano ulikuwa huwezi.

Nikamganda daktari wetu mpaka akachoka. Alikuwa na kibali cha mofini, ile dawa kali ya maumivu, akanichanganyia ya maji, chungu kama shubiri. Akaniambia, "Kijiko kimoja kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Tusiyangoje maumivu, tuyatangulie." Nikakuletea chupa kwako Suguti, nikakuelekeza, ukaitikia kila neno kama mtoto wa komunio. Nikarudi kazini roho nyeupe.

Jumamosi nilikukuta umelala umeelekea ukutani, umeuma mdomo mpaka umechanika. Wewe, mwanamke wa kugombana hata na kuku, hukunisalimia. Nikaitafuta chupa. Imejaa! Iko sandukuni, imeviringishwa kitenge.

"Naitunza," ukasema. "Siku ya mlango nitainywa yote."

"Shangazi! Si ungekufa hapo hapo mlangoni!"

"Basi wakwe wangeongeza kitenge."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Hasira hizo zilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilikupimia kijiko, nikasahau kukuuliza mtu aliyeishi miaka ya foleni anaelewaje dawa nzuri iliyo moja tu. Niliporudi nilikaa kitandani kwako nikakwambia polepole kwamba hii haitunzwi, ikikaribia kuisha nitaleta nyingine, na ukiyaacha maumivu yarudi yanakuja na nguvu mpya. Ukauliza, "Nyingine ipo kweli?" Ipo, nikakuapia, huku namwomba Mungu daktari yule asihamishwe.

Mzee wako ndiye akawa nesi kuliko mimi. Redio ikisoma habari tu, huyo na kijiko: "Habari zimesomwa, fungua mdomo!" Na papai kila asubuhi, maana nilimwambia dawa ile inafunga choo, basi akaitangaza habari hiyo kwa kijiji kizima. Siku ya tatu uliamka ukasema chai yangu ni maji ya kuoshea sufuria. Jamani! Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Na mlangoni ulikaa. Ulikaa kwenye kiti chenye mito, miguu umeinyoosha kizingitini, wakwe wanaimba jua linawachoma, wewe unawaambia, "Sijasikia, rudieni." Vitenge vinne! Mzee wako alipokuja na kijiko ukainywa mbele yao, ukajifuta mdomo, ukaendelea kukataa. Nilikuwa ndani na shela langu nacheka mpaka wanja ukatiririka. Baada ya wiki tatu ulituaga mchana, usingizini, sato wa kuchoma umemla nusu. Nilikulilia sana, Shangazi, ila sikulia kwa majuto.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Mwaka jana tulikuwa Musoma kwenye kikao cha mipango ya afya. Mkubwa mmoja akasema wagonjwa wasiopona ni kazi ya hospitali kubwa, zahanati zitoe panadol. Damu yako ikanipanda. Nikasimama hata sijaruhusiwa, nikawasimulia mlango wako wote. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani ajifute. Yule mkubwa akauliza, "Na asingekuwa na binti nesi?"

"Angekufa ameelekea ukutani," nikamjibu.

Halafu ikaandikwa kwenye mpango: manesi wa zahanati wafundishwe, dawa ichukuliwe hospitali ya wilaya, mgonjwa afuatwe nyumbani. Imeandikwa, Shangazi, haitegemei tena huruma ya daktari mmoja. Nakujua, utasema karatasi haipunguzi maumivu. Nami nilisema hivyo, ndiyo maana mafunzo yalipokwisha, Jumatatu hii nikapanda gari nikaone.

Nilikwenda Suguti, nyumba ya tatu kutoka kwako, kwa mama anayeumwa kama ulivyoumwa. Nikakuta binti mdogo wa zahanati ameshanitangulia, amekaa kitandani kwake, anamweleza polepole na kumsikiliza anavyojibu. Nikadhani ni mtoto wa nyumba hiyo aliyesomea unesi. Tulipotoka nikamuuliza, "Huyu ni shangazi yako?"

Akashangaa. "Hapana, Sista. Ni mgonjwa wangu."

Kaa salama huko, wewe na mdomo wako. Nakupenda kuliko nilivyokwambia.

Mimi,
binti ya kaka yako