Sahihi ya Kambale

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Nimefundisha darasa la nne. Hesabu, kisha imla. Mvua. Baada ya masomo nikapita ofisi ya serikali, komini ya Bulengera, kuuliza kama barua yangu imejibiwa. Bado. Hii ni ya tatu. Naomba kitu kimoja tu: nione faili la mume wangu Kambale, aliyekamatwa na askari mjini Beni mwezi wa sita akipeleka chumvi. Nijue yuko hai au amekufa. Karani hakuinua hata kichwa. Nimemchoka.

Jumatano, 6 Septemba
Mama mkwe ameanza kilio. Dereva mmoja kamwambia Kambale alipigwa risasi, lakini hakuona kwa macho yake. Turubai limefungwa uani, wanaume wa ukoo wanaota moto. Sikukaa chini nao. Wananiona jeuri. Waone.

Ijumaa, 8 Septemba
Jibu limefika, na muhuri wa ofisi ya Beni. Faili lina mambo binafsi. Haonyeshwi mtu mwingine, hata mke, mpaka Kambale mwenyewe atie sahihi ya kukubali.

Nilisoma nimesimama barabarani, pikipiki zinanipigia honi. Mwenyewe atie sahihi. Maiti haitii sahihi. Yuko hai.

Nikamsomea mama mkwe. Akasema, "Basi mutoshe ile bâche. Banaume barudi kwabo." Turubai limefunguliwa, wazee wamenuna. Kilio hakivunjwi katikati hivyo. Moto niliumwagia maji mimi mwenyewe. Nina furaha mpaka naona aibu.

Jumapili, 10 Septemba
Nimeandika karatasi ya kukubali, nikaacha nafasi ya sahihi yake chini. Nimepiga pasi shati lake la bluu.

Jumanne, 12 Septemba
Beni. Juu ya lori tangu alfajiri, kizuizi baada ya kizuizi. Mwanasheria wa ofisi ni kijana mpole, viatu vinang'aa. Nikampa karatasi, nikamwomba ampelekee Kambale. Aliisoma muda mrefu. Akauliza nani alinituma kuiandika. Nikamwonyesha barua yao.

"Hapana, mama. Ile ni modèle tu. Tunaandikiaka batu bote vile."

Nikamuuliza waziwazi: yuko hai? Akasema hana ruhusa ya kujibu. Ndani ya faili kuna ushauri aliomwandikia mkubwa wake, na anachoandika mwanasheria kwa mkubwa wake ni siri ya wao wawili. Nikaomba basi tarehe peke yake, ya kuhamishwa, ya kufa, yoyote ile. Tarehe nayo imo ndani ya ushauri. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningemchukia vizuri. Shati hakulipokea.

Alhamisi, 14 Septemba
Nimemweleza mama mkwe. Hakulia. Alisema tu kwamba wazee hawatakuja kwenye kilio mara ya pili. Ni kweli, nilituma mtu kuwauliza, wamekataa. Kosa ni langu. Nilisoma barua ya serikali kana kwamba iliandikwa na mtu aliyemfikiria Kambale. Sitaandika nyingine. Sina wa kumwandikia.

Jumapili, 17 Septemba
Misa ya kwanza. Mlangoni mkatekista alikuwa na daftari la maombi: ukurasa mmoja wa wagonjwa na wasafiri, mwingine wa marehemu. Akaniuliza amwandike Kambale wapi. Nyuma yangu watu wanangoja.

Mama mkwe akasema, "Andika jina."

Akaliandika pembeni, nje ya mistari. Wakati wa maombi akasoma wasafiri wote, kisha marehemu wote. Akaangalia pembeni ya ukurasa. Akasema "Kambale", akafunga daftari. Watu wakaitikia kama walivyoitikia majina mengine.

Tumerudi kwa miguu. Mama mkwe anamenya viazi. Mimi nina madaftari ya imla ya kusahihisha.